Begi Nililolirudisha kwa Basi Kutoka Kibaya

Kabla hujauliza: ndiyo, nilikwenda Pangani kwa pikipiki peke yangu, ndiyo, mimi ni mwanamke, na hapana, sikukutana na simba. Tangu nirudi Dodoma hayo ndiyo maswali matatu ninayoulizwa kila ninapokaa, na hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza habari za cheni. Nami habari zenyewe ni za cheni.

Mimi ni afisa ugani. Pikipiki ndiyo miguu yangu: kijiji hiki asubuhi, kile mchana, kuangalia viwavi kwenye mtama na kubishana na wazee kuhusu nafasi ya kupandia alizeti. Kwa hiyo nilijiona mjuzi. Miaka sita barabara za vumbi, nani wa kunifundisha? Mama yangu mdogo ameolewa Pangani, na miaka yote nimekuwa nikimfuata kwa basi, Morogoro, Chalinze, Segera, nimekaa dirishani nasinzia. Safari hii nikasema nitapita porini: Kongwa, Kibaya, Kijungu, Kibirashi, Handeni, halafu Korogwe na Muheza mpaka baharini, kisha niteremke na pwani hadi Bagamoyo ndipo nigeuze. Nikachukua likizo ya wiki mbili, mwezi wa tisa, wakati ardhi imekauka na wakulima hawanihitaji sana.

Pikipiki ya kazini si ya kwendea kusalimia ndugu, kwa hiyo nilinunua yangu, Boxer iliyokwishatumika. Kusema kweli nilikuwa na tamaa ya zile ndefu, zenye tairi za magamba na bei ya kiwanja. Fundi wangu akanikata kauli: “Dada, chukua ile ambayo spea zake zinauzwa duka moja na sukari.” Ushauri huo peke yake uliniokoa mara mbili. Ningemsikiliza na kwenye mengine, ningekuwa na kidogo cha kuandika.

Mzigo sasa. Nilipanga kama mtu anayehama: hema, godoro la kupuliza, jiko dogo la gesi na mtungi wake, sufuria mbili, panga, taa mbili, koti la mvua (mwezi wa tisa, Dodoma!), nguo za siku tisa, maji lita kumi, kidumu cha petroli lita tano, na mfuko mdogo wa spea: tyubu, plagi, waya wa klachi, viraka na solushani, na kiungo cha cheni, kile kidude kidogo chenye klipu ambacho wengi tunakiita “loki”. Mfuko wa spea niliuchomeka kwenye mfuko wa pembeni wa begi kubwa. Ukumbuke huo mfuko wa pembeni. Nilipopitisha mzigo kwenye mizani ya mahindi ya jirani ukasoma kilo 41. Mimi mwenyewe nina kilo 58. Jirani akatazama mizani, akanitazama, akasema, “Haya, safari njema,” kwa sauti ya mtu anayeaga maiti.

Makosa mawili niliyafanya siku hiyo hiyo, kabla hata sijatoka uani. La kwanza, nilikaza cheni pikipiki ikiwa tupu. Sikuwaza kwamba ukiweka mzigo wa kilo 41 na mtu juu yake, sehemu ya nyuma inazama na cheni inazidi kukaza yenyewe. Unatakiwa uikaze ukiwa umeshapakia, na hata hivyo uache ichezecheze, karibu upana wa vidole viwili katikati. Yangu ilikuwa imekaza kama uzi wa zeze. La pili, niliimwagia oili chafu tele, nikijua naitunza. Kwenye nchi ya vumbi oili ya namna hiyo ni gundi: mchanga unanasa, unachanganyika nayo, unakuwa msasa unaosaga cheni na sproketi (yale magurudumu yake ya meno) kila zinapozunguka. Siku hizi napaka kidogo, nafuta kwa kitambaa mpaka cheni ionekane kama haijapakwa kitu.

Mpaka Mbande ni lami, na kukata kulia kuingia Kongwa hakuna shida. Pale Kongwa nilisimama kunywa chai na nikaikumbuka ile hadithi ya karanga ambayo kila mtu wa kilimo Dodoma ameisikia. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na matrekta, mengine yametokana na vifaru vya vita, wakitaka kulima karanga kwa maelfu ya ekari. Mibuyu ikawasumbua, mvua ikawa ya kuhesabu, na udongo wa mfinyanzi ukikauka unakuwa kama saruji, karanga zimo ndani hazitoki. Kufikia 1951 walikuwa wamefunga virago. Niliicheka hadithi hiyo nikiwa nimeegemea pikipiki yenye hema, jiko na koti la mvua. Kicheko chenyewe hakikumaliza siku.

Baada ya Kongwa, ukishapita Hogoro, nchi inakuwa ya miba na mibuyu na mashamba makubwa yaliyokwishavunwa. Malori ya mahindi yamechimba barabara ikawa mawimbi kama bati, na katikati ya mawimbi kuna mifuko ya udongo tifutifu unaofanana na unga wa muhogo: juu unaona pamenyooka, tairi likiingia linazama nusu. Nilikuwa nimezoea mchanga, lakini nimeuzoea nikiwa na mkoba mmoja wa karatasi mgongoni. Kwenye korongo la kwanza kavu nilifanya yote usiyotakiwa kufanya. Niliogopa, nikapunguza mwendo. Nikatazama tairi la mbele. Nikagusa breki ya mbele. Pikipiki ikalala ubavu wa kushoto taratibu kabisa, kama ng'ombe aliyeamua kupumzika.

Namna ya kupita mchanga ni hii, na nimejifunza kwa kuanguka mara nne: punguza mwendo kabla hujaingia, si ukishaingia, weka gia ya pili, sogea nyuma kidogo ili mbele pawe pepesi, shika mafuta pasipo kuachia, macho yaende mbali pale unapotaka kutokea. Usukani utatikisika. Uache utikisike. Ukishindana nao unakutupa.

Kuinyanyua nilishindwa. Nilifunga koki ya mafuta, nikageuka nikaipa mgongo kama nilivyofundishwa, nikashika usukani kwa mkono mmoja na keria kwa mwingine, nikasukuma kwa mapaja. Haikutikisika. Nikakaa chini kivulini nikasubiri. Ikapita kama nusu saa, kijana wa Kimasai akatokea na ng'ombe zake, umri wa miaka kumi na mitatu hivi. Nikamwamkia, akaniitikia, akaizunguka pikipiki mara mbili bila haraka. “Mama,” akaniuliza, “unahamia wapi?” Tukafungua kamba, tukashusha kila kitu, tukaiinua ikiwa tupu, tukapakia upya. Hiyo ndiyo siri yake: shusha mzigo kwanza. Kazi ya dakika arobaini. Nilianguka tena mara tatu kabla ya Kibaya, na mara zote tatu nilishusha na kupakia peke yangu, jua la saa nane liko utosini.

Maji lita kumi yaliisha kabla sijafika, na sikuyanywa yote, mengine nilijimwagia kichwani. Usiku ule kichwa kiliuma mpaka meno. Nilikuwa nimekunywa maji matupu kutwa nzima na kutoa jasho la chumvi kutwa nzima. Mama mwenye gesti pale Kibaya ndiye aliyeniangalia mara moja akanikorogea ubuyu kwenye jagi, sukari kidogo na chumvi ya kubana vidole viwili. Asubuhi nilikuwa mtu. Tangu hapo natembea na unga wa ubuyu kwenye kopo, na siku zenye jua kali nachanganya chupa moja kwa kila chupa mbili za maji.

Na hapo Kibaya ndipo nilipofanya upumbavu mkubwa kuliko wote. Niliamka nina hasira. Nililitazama lile begi kubwa nikaliona kama adui. Bila kulifungua, bila kuchambua, nikalipandisha kwenye bodaboda mpaka stendi, nikamlipa wakala shilingi elfu kumi lirudi Dodoma kwa basi, nikaandikiwa risiti. Nilibaki na begi dogo, maji na kidumu. Mzigo ukashuka mpaka kilo kumi na saba. Nikaondoka naimba.

Wazo lilikuwa sahihi, saa ndiyo haikuwa sahihi. Mzigo unapunguzwa nyumbani, umekaa sakafuni, umeshiba, kitu kimoja kimoja mkononi. Ukiupunguza ukiwa na hasira stendi, unatupa na kile unachokihitaji.

Kutoka Kibaya hadi Handeni ni zaidi ya kilomita 160, na sehemu ya kabla na baada ya Kijungu ndiyo niliyoipenda kuliko yote. Hakuna watu kwa muda mrefu, halafu ghafla boma, halafu tena hakuna. Mtandao wa simu unakuja na kuondoka, kwa hiyo pesa ya kwenye simu ihesabu kama huna. Beba noti ndogondogo, maana mwenye petroli ya chupa hana chenji ya elfu kumi. Petroli ya chupa ichunguze kwanza, inyanyue juani uone kama kuna maji chini. Na usiiamini ramani ya simu. Mimi nilitokea mahali barabara imegawanyika, mkono mmoja mashimo, mwingine umenyooka na kushindiliwa kifusi kizuri ajabu. Nikafuata mzuri, nikatamba kama mfalme. Kumbe nimeingia kwenye mkuza wa bomba la mafuta ghafi, lile linalotoka Hoima, Uganda, kwenda Chongoleani, Tanga. Mlinzi akanisimamisha, akacheka, akanionyesha nilikotoka. “Barabara ya umma ni ile mbaya, dada.”

Cheni ilikatika saa sita na robo mchana, mahali ambapo sikuona nyumba upande wowote. Haikupiga kelele kubwa. Injini ikapanda sauti, pikipiki ikapoteza nguvu, nikatazama nyuma nikaiona imelala mavumbini kama nyoka aliyegongwa. Niliirudia nikaiokota. Ilikuwa ya moto. Pini ya kiungo kimoja imetoka, bamba la pembeni limefunguka. Kuitengeneza ni kazi ya dakika kumi: unatoa kile kiungo kibovu, unaunganisha ncha mbili kwa loki, unabana klipu, mdomo wake uliofunguka ukitazama kinyume cha mwendo wa cheni. Najua kuifanya nimefumba macho. Na loki ninayo. Nikapeleka mkono kwenye keria, na mkono ukaishia hewani.

Mfuko wa pembeni wa begi kubwa.

Nililia. Naandika hivyo kwa sababu watu wanaosimulia safari hizi huwa hawalii, na mwenzangu akikaa porini akalia atadhani ni yeye tu. Nililia kama dakika tano, halafu nikaona aibu hata kama hakuna wa kuniona, nikaisukuma pikipiki mpaka kwenye kivuli cha mgunga. Kwa zaidi ya saa tatu nilikaa pale. Lilipita lori moja halikusimama, na kusema kweli sikujitokeza sana barabarani. Mwanamke peke yake anachagua wa kumsimamisha. Yupo aliyepita kwa miguu, bibi mmoja na mzigo wa kuni, akaniamkia kwa Kimasai, “Takwenya,” nikaitikia “Iko” kama nilivyofundishwa, akacheka matamshi yangu akaenda zake.

Saa tisa na nusu akaja kijana wa bodaboda na gunia la mahindi na mbuzi mmoja. Boxer kama yangu. Akafungua kiti chake, na chini ya kiti, ndani ya soksi, alikuwa na loki mbili, koleo, waya na kipande cha tyubu. Karakana nzima ndani ya soksi! Akaniuzia loki kwa elfu tano. Dukani ni elfu moja au mbili. Wala sikulalamika, hata angesema hamsini ningetoa. Alipomaliza kuifunga akaishika cheni kwa kidole, akatikisa kichwa, akalegeza ekseli ya nyuma na kuirudisha mbele kidogo. “Uliifunga hivi ili iweje, anti?” Sikuwa na jibu. Spea zangu leo zinakaa chini ya kiti, ndani ya soksi.

Nililala Kibirashi badala ya Handeni, maana usiku sitembei, na hilo sikulivunja hata mara moja. Habari za kulala nazo zina mambo yake. Kitabu cha wageni cha gesti kinataka jina, kabila, unatoka wapi, unakwenda wapi, na mhudumu anasoma kwa sauti mbele ya wote waliokaa barazani. Nikaanza kuandika mji wa karibu tu. Wakiniuliza mume wangu yuko wapi, nilisema anakuja nyuma na gari. Sina mume. Yule mume wa kwenye gari alinilinda vizuri sana safari nzima, Mungu ambariki. Jambo lililonisaidia zaidi ni kufika kabla ya saa kumi na moja jioni, nikaomba chumba karibu na mwenye nyumba, nikaingiza pikipiki ndani ya uzio, nikala pale pale na akina mama wa jikoni. Ukishakula nao, kijiji kizima kinajua wewe ni mgeni wa nani.

Handeni nilinunua cheni mpya na sproketi ya nyuma, elfu arobaini na nane pamoja na ufundi, nikashika lami kupitia Korogwe. Muheza mpaka Pangani ni kama kilomita 45, minazi inaanza, unyevu unaingia kifuani, na ngozi iliyopasuka kwa upepo wa Dodoma inalainika yenyewe. Mashamba ya mkonge yako kila upande. Mkonge wenyewe uliletwa mara ya kwanza huku huku Pangani mwaka 1893, na Mjerumani Richard Hindorf. Mama mdogo alinikuta mlangoni nimepauka kama mhogo mkavu. Hakusema neno la pole. Alisema, “Pikipiki iweke nyuma, isije ikaonekana na mashemeji zangu,” kisha akaenda kukuna nazi.

Siku nne nilipumzika. Ya tano nikavuka kwa kivuko hadi Bweni, nikateremka kusini kwa ajili ya ule mpango wangu wa Bagamoyo. Mwera, Kipumbwi, Mkwaja. Mchanga wa pwani ni mwingine kabisa: mweupe, mzito, na chini ya minazi umechanganyika na mizizi. Nilipunguza upepo wa tairi kama wanavyofanya, nikapita vizuri, halafu nikasahau kuujaza. Jiwe la kwanza nililogonga likaibana tyubu kwenye rimu. Matundu mawili pacha. Nikaziba.

Mahali fulani bahari ilikuwa imetulia, mchanga uliolowa umekazwa kama lami, nikashindwa kujizuia. Nikapita ukingoni mwa maji, mawimbi yananirushia miguuni, nikipiga kelele za furaha peke yangu kwa muda ambao sikuupima. Sijutii. Ila asubuhi yake cheni mpya ya Handeni ilikuwa nyekundu kwa kutu, na spoku zimeanza vidoa. Ukiogelea na pikipiki baharini, ioshe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, kabla hujaoga wewe.

Kwenye geti la Saadani safari ya pwani ikaishia. Ile ndiyo hifadhi ya taifa pekee nchini inayopakana na bahari, na askari wa geti, kwa upole kabisa, akaniambia pikipiki haziruhusiwi kupita ndani. Kuna nyati, kuna tembo, kuna simba. Kosa ni langu. Ningepiga simu moja kabla ya kuondoka ningejua. Akanipa maji ya kunywa, nikageuza. Nusu siku nzima nyuma, kivuko tena, mama mdogo tena. “Nilijua,” akasema.

Kurudi nilipita barabara kuu, Segera, Chalinze, Morogoro, na hapo ndipo nilipoogopa kuliko porini kote. Malori yanakupita yamekubana, upepo wake unakuvuta ndani. Ukifika Gairo na ule upepo wa pembeni, unaendesha umeinama kama mlevi. Siku mbili, nililala Morogoro. Kibaigwa nilikunywa chai nikitetemeka mikono.

Kwa wanaopenda hesabu: kilomita 1,300 na kidogo, petroli kama laki moja na elfu kumi na tano (kwenye lami lita moja ilinipeleka kilomita 45, kwenye mchanga 28, kwa hiyo usipige hesabu ya porini kwa kipimo cha lami), malazi elfu 60, cheni na sproketi elfu 48, na cheni nyingine tena Dodoma kwa sababu ya ile ya kutu.

Begi nililifuata stendi siku ya pili. Wakala alilitoa chini ya meza, limejaa vumbi la buti la basi, akanidai elfu tatu ya kulitunza. Nikalifungua pale pale. Loki ilikuwepo, kwenye karatasi yake ya dukani. Hema nimemuuzia mwenzangu wa ofisini kwa elfu sitini, nusu ya bei niliyonunulia. Jiko nimempa mama, analitumia siku mtungi mkubwa ukiisha.